Gunia Amelala

Jana nilimchapa mtoto wangu, na mkono bado unaniuma.

Nilimkuta nyuma ya jiko, amelala chali kwenye udongo mkavu, uso umepakwa majivu, kifua kinang'aa kwa mawese niliyoyaficha juu ya kabati. Watoto saba walikuwa wamemzunguka, mikono mgongoni, hakuna anayemgusa. Mmoja alikuwa akipitisha tawi la mparachichi juu yake na kunong'ona maneno ambayo si ya lugha yoyote. Nilipouliza kuna nini, binti wa jirani akanijibu taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgeni: "Mama, usimuguse. Iko nalala. Dawa haiyamutoka."

Harufu ya mawese na jasho na majivu ikanipanda puani. Nikamshika mkono, nikamwinua, nikamchapa mbele ya wenzake, na nilikuwa bado namchapa alipoanza kuniuliza amekosa nini. Ana miaka sita. Babu yake hakumwona hata siku moja.

Ninyi mliokulia kambini Rubondo pamoja nami hamhitaji kuelezwa. Lakini huenda anasoma pia mtu asiyetoka kwetu, basi nimweleze mara moja tuendelee. Kachi ni mieleka tuliyokuja nayo kutoka Kivu ya Kusini, pamoja na sufuria na nyimbo za kanisani. Kuna kukamatana, kuna kurushana kwingi, na kuna dawa. Mpiganaji anaingia na ngoma, kikopo cha majivu kiunoni, usinga mkononi. Ikifika saa yake anampulizia mwenzake majivu usoni. Mwenzake anatetemeka, anazunguka kama kuku aliyekatwa shingo, anarushwa juu, anaanguka, analala. Na hapo ndipo penye sheria, moja tu, ambayo hata walevi waliiheshimu: aliyelala haguswi. Mpaka yule aliyemlaza ampitishie usinga na kumnyunyizia maji, hakuna ruhusa ya kumgusa wala kumwita jina, hata kama ni mama yake mzazi. Ukimgusa kabla ya hapo, dawa inahamia kwako.

Kila Jumapili baada ya ibada, aliyelala alikuwa baba yangu.

Jina lake la ulingoni lilikuwa Gunia. Wengine walisema ni kwa sababu alirushwa kama gunia. Wengine walisema ni kwa sababu kila baada ya mavuno alizunguka nyumba kwa nyumba na magunia mgongoni, akiomba maganda ya maharage. Wanawake wakishapiga maharage yao, yeye yupo pale, anakusanya maganda makavu ambayo wengine wanachoma. Aliyamwaga kiwanjani mpaka yakafika magotini, akatandika juu yake shitingi mbili za plastiki zilizoshonwa pamoja, zile zile tulizopewa za kuezekea nyumba tulipofika, akazifunga kwenye vigingi. Kisha alivua viatu akatembea juu yake polepole, huku na huku, akitafuta kwa nyayo mahali palipo pagumu. Mimi niliona aibu hata ya kazi hiyo. Mwanaume mzima anatembea kwenye maganda kama mtu aliyepoteza sindano.

Mama yangu alikuwa mwimba kwaya, hakuwahi kukanyaga kiwanjani. Alisema kama mwanaume anataka kulala, kitanda kiko nyumbani. Lakini kaptula ya Baba ya kachi aliifua yeye, na aliianika nyuma ya nyumba ambako mchungaji hawezi kuiona.

Shuleni niliitwa mtoto wa Gunia. Nikisinzia darasani, nyuma yangu wanaanza kuimba taratibu, "Gunia amelala, Gunia amelala," wimbo wenyewe ule wa kiwanjani. Nilipigana na wasichana wawili kwa sababu hiyo, na nilishindwa mara zote mbili, na kushindwa kwangu kukawa ni mzaha mwingine: wakasema ni ukoo.

Kwa hiyo nilimpenda Mamba. Nasema wazi, kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakisimulia utoto wao kana kwamba walizaliwa na akili. Mamba wa Ruzizi ndiye aliyemrusha baba yangu kila Jumapili, na mimi nilikuwa mshabiki wake. Aliingia amejifunga ngozi ya ng'ombe iliyopakwa rangi ya kijani, ametoa meno, ardhi inatikisika. Niliamini ana dawa ya kweli. Niliamini Baba hana dawa kwa sababu ni mnyonge au mvivu. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitafute yake. Alikuwa anakunja shitingi. Akaniambia, "Mimi nikipata dawa, mama, nani ataanguka?"

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilidhani jibu lile ni jibu la mtu aliyeshindwa.

Lakini kulikuwa na kidole. Mara ya kwanza nilipomwona amelala nilikuwa mdogo kuliko huyu wangu wa jana, na nililia mpaka nikatapika. Baada ya hapo Baba alinifundisha siri ambayo Mama hakuijua, wala Mamba. Aliniambia nikimwona amelala niangalie mguu wake wa kushoto. Kidole gumba kikitikisika mara mbili, nijue papa yupo. Kuanzia siku hiyo, watu wote wakitazama uso wake na majivu, mimi natazama mguu. Moja. Mbili. Kisha narudi kumshangilia Mamba kwa moyo mweupe. Niliona kidole kile kuwa jambo la kawaida kabisa, kama vile jua kutoka. Sikujua kwamba katika mchezo wote ule kilikuwa ndicho kitu pekee kilichofanywa kwa ajili yangu.

Tulialikwa Ruti, pale Mbarara kwenye barabara ya Kabale. Mwenye baa mmoja alikuwa amesikia habari za Wakongo wanaolazana kwa dawa, akataka wateja wake waone. Mama alikataa kwenda. Baba akasema basi atanichukua mimi, ili awe na mtu wake. Tuliondoka Rwekubo, kwenye soko la kambi, juu ya lori la mahindi, wapiganaji, ngoma, shitingi, na magunia manne ya maganda kwa sababu dereva alikataa zaidi. Nilivaa gauni la ubatizo wa dada yangu. Sikuwa nimewahi kuona nyumba zilizopangana namna ile, ghorofa, watu wasiosalimiana.

Kiwanja cha mwenye baa kilikuwa cha changarawe iliyoshindiliwa, mahali wanapoegesha magari. Baba alianza kufungua magunia yake. Yule mwenye baa akaja mbio na shati lake jeupe.

"Hapana, hapana. Hiyo takataka sitaki hapa. Wageni nakuja sasa hivi."

Baba akamweleza kwamba si takataka, ni godoro.

"Nyinyi wanaume ya Kongo naogopa udongo, ssebo, bwana?"

Wengine wakacheka. Kiongozi wetu, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa tai, akacheka zaidi ya wote, akasema shitingi inatosha, tumekuja mjini tusitie aibu. Yule mtu nitamchukia mpaka nife. Si kwa sababu alikuwa mbaya. Ni kwa sababu alijua. Alimwona Baba kila wiki akitembea kwenye maganda, alijua kwa nini, na akacheka ili afanane na mwenye shati.

Basi wakatandika shitingi juu ya changarawe. Baba akavua viatu, akatembea kama kawaida yake. Hakuwa na haja ya kutafuta mahali pagumu. Akamwendea Mamba, akamwambia mbele yangu, "Leo usinirushe ya juu." Mamba akaitika kwa kichwa.

Mwenye baa alikuwa na binti wawili wa rika langu, wana viatu vya kung'aa na soksi. Waliniita nikae nao kwenye benchi la mbele, kivulini, wakanipa soda tugawane. Walinishika gauni wakalisifu. Nilijiona mtu. Wapiganaji walipotoka kujipanga, mkubwa wao akaniuliza nimekuja na nani. Nikanyoosha kidole kwa Mamba, na ngozi yake ya kijani.

"Yule ni baba yako?"

"Ndiyo," nikasema.

Na Baba alikuwa amesimama pale pale pembeni, kaptula imefuliwa, mikono imening'inia.

Watu wa Ruti hawakuijua kachi. Walikunywa, wakacheka mahali pasipo pa kucheka. Mamba alipotoa meno, mtu mmoja alimtupia kipande cha muwa. Wengine wakaanza kuinuka. Mimi kwenye benchi niliona joto limenipanda masikioni, kwa sababu wale binti nao walianza kunitazama kwa huruma. Ngoma ikakaza. Mamba akampulizia Baba majivu, Baba akatetemeka, akazunguka, na kisha nikamwona akienda juu. Juu kuliko Jumapili yoyote. Watu wakanyamaza. Alipotua sikusikia ule mlio wa maganda, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Nilisikia mlio mwingine.

Kiwanja kizima kikalipuka kwa vigelegele. Hatimaye walikuwa wamependa.

Nikatazama mguu wa kushoto.

Nilisubiri. Wapiga ngoma wakaanza wimbo, "Gunia amelala," wakaumaliza. Kidole hakikutikisika. Nikajiambia labda amesahau. Wakaurudia. Mamba alizunguka na usinga, akimpitia mara moja, mara mbili, na Baba alikuwa na tabia ya kuchelewa kuamka ili watu wacheke, kwa hiyo Mamba naye akachelewesha, akaongeza madoido, akarudi kwa watazamaji akawaonyesha meno. Wetu wote walisimama kwa nidhamu, mikono mgongoni. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwita. Walikuwa wanatunza sheria.

Mimi nilijua. Kati ya watu wote wa kiwanja kile, mimi peke yangu nilijua, na nilikuwa na umri wa kutosha kusema neno moja. Lakini neno lenyewe lilikuwa "Papa". Na ningelisema nikiwa nimekaa kati ya binti wawili ambao nilikuwa nimeshawaonyesha baba mwingine.

Nikanywa soda.

Mamba alipomnyunyizia maji na macho yakafunguka bila mwili kufuata, ndipo alipotupa usinga. Wenzake walimkamata Baba makwapani, wakamwinua, wakamkalisha, kichwa kikaenda upande. Hospitalini waliniuliza mambo ambayo sikuweza kujibu, na baadaye Mama aliambiwa kwamba ni shingo, na kwamba hakuna wa kusema kama ni kule kuanguka au ni kule kuinuliwa. Miguu haikurudi. Mikono ilirudi nusu.

Mchungaji alikuja Rubondo akaomba, akasema Mungu hadhihakiwi, dawa za shetani zina mshahara wake. Dawa. Ilikuwa majivu ya jiko letu, mchungaji. Mama aliyachekecha mwenyewe Jumamosi ili yasimwingie mume wake machoni. Ningekuwa na ulimi nilio nao leo, ningemwambia. Mama alisema amina, akampa kiti.

Baba alilala kwenye kitanda chake misimu sita ya maharage, na hiyo ndiyo sehemu ya utoto wangu ninayoijua kuliko nyingine zote. Kachi haikuisha. Akapatikana mwingine wa kuanguka, wakaja wageni kutoka kambi nyingine, na kila Jumapili Baba alinituma niende. Nilipokataa alinisihi. Kwa hiyo nilikwenda, nikatazama, nikarudi kumsimulia, na kwa kumsimulia nikajifunza kutazama. Aliniambia nisiangalie mikono ya anayerusha, niangalie miguu ya anayerushwa. Nikaona. Anayerusha hafanyi kitu. Anasimama, anapiga kelele, anatoa meno. Anayerushwa ndiye anayeruka, ndiye anayehesabu, ndiye anayemlinda mwenzake asivunjike mgongo kwa uzito wake, na akishatua ndiye anayelala ili mwenzake aonekane ana nguvu.

Nilipoona hivyo, nikawa mshabiki mbaya, na niko hivyo mpaka leo. Nikienda kutazama nanuna. Hawa vijana wa siku hizi wanaojifunga vitambaa vya kung'aa na kuingia na muziki wa spika wanajua kuingia tu. Hawajui kutua. Katika wote niliowaona, aliyemkaribia Baba ni mwanamke mmoja, Mama Radi, aliyeanguka kama mtu anayekaa chini kupumzika, mkono wa kulia kwanza, kisha bega, kisha mgongo. Nilipomsimulia Baba, alifumba macho ili amwone vizuri. Akaniuliza aliamkaje. Nikamwambia alichelewa kidogo. Akacheka kidogo kidogo, kwa sababu kucheka kulimuuma.

Kuhusu Mamba: kama mpiganaji nampa sifuri. Alikuwa mzito, alianza mapema, alisikiliza watu badala ya kumsikiliza mwenzake. Lakini kila Jumamosi, misimu ile yote sita, alikuja kwetu alfajiri, akambeba Baba mgongoni mpaka nyuma ya nyumba, akamwogesha, akamgeuza, akamkata kucha. Mama alimpa uji, akanywa akiwa amesimama. Siwezi kumpa sifuri ya pili, na hilo linaniudhi.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye. Nilisema moyoni kwamba aliambiwa asirushe ya juu, na alirusha. Kisha siku moja ya mvua, Mama yupo kwaya, nikimlisha Baba ugali wa muhogo, nikalisema kwa sauti. Nikamwambia kwamba Mamba alimwua akiwa hai.

Baba akameza kwanza.

"Hakunirusha," akasema. "Niliruka mimi."

Nikamwuliza kwa nini, wakati alijua chini ni changarawe.

"Batu balikuwa banatucheka. Na nilikuona fasi ulikuwa unakaa na bale batoto ba muji. Nikasema leo mama yangu asipate haya."

Nilishika kijiko. Nakumbuka kilikuwa kijiko chenye mpini uliopinda. Nilitaka kumwambia kila kitu: ngozi ya kijani, soda, wimbo ulioimbwa mara mbili. Nilifungua mdomo. Yeye akawahi.

"Lakini haukuogopa, eh? Nilikutikisia kidole. Nilitikisa kwa nguvu mingi. Uliona?"

Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyeleta daftari lake lisahihishwe. Miaka yote ile, amelala pale, aliamini amekitikisa. Kichwa kilikuwa kimetuma, na hakujua kwamba mguu haukupokea. Ningemwambia sikuona, ningemnyang'anya kitu cha mwisho alichokifanya kwa mwili wake. Na ningelazimika pia kumwambia nilichofanya mimi baada ya kutokuona.

"Niliona, papa," nikasema. "Mara mbili."

"Mara mbili," akasema, akafungua mdomo kwa tonge lingine.

Alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata. Uwongo ule wa kidole sikuutubu kanisani, na sitautubu. Huo wa benchi ndio ninaoubeba. Nimemaliza sekondari nao, nimezaa nao, na jana umenitoka mkononi ukamwangukia mtoto asiye na kosa, aliyekuwa amelala tu kwenye udongo mgumu akisubiri mwenzake amwamshe.

Leo asubuhi wanawake wa upande wetu wamemaliza kupiga maharage. Nimezunguka nyumba nne na magunia. Jirani amenitazama, akaniuliza kama nimeanza kufuga mbuzi. Maganda nimeyamwaga nyuma ya jiko, nikatandika shitingi ya zamani, nikavua viatu nikatembea juu yake, huku na huku. Mtoto wangu alisimama mlangoni, macho bado yamevimba, hataki kunisogelea. Nikamwita. Nikamwambia hapa ndipo mtakapocheza, mahali pengine popote nikiwakuta nitachapa tena. Nikamwambia kuanzia leo kwenye uwanja huu sheria ya zamani imekufa: mtu akilala, mnamwita jina lake la nyumbani. Akiitika, endeleeni. Asipoitika, msimwinue, mje kwangu mkikimbia.

Akafikiri. Akakanyaga maganda kwa mguu mmoja, yakalia.

"Sasa mama, wakiniita, dawa itaharibika. Batu bote batajua sikulala kweli."

"Wajue," nikamwambia.

"Na wakikataa kuniita?"

"Nitakuita mimi," nikasema. "Mbele ya watu wote."